Ugomvi wa Wanga na Ini Tulilolisahau

Karatasi mbili za maabara zililala mezani ubavu kwa ubavu. Moja ya shangazi, nyingine ya baba mdogo. Wote wawili walikuwa wameambiwa wana kisukari cha aina ya pili, wote wawili wakabadili mlo, na sasa HbA1c, kile kipimo cha wastani wa sukari wa miezi miwili mitatu, kilikuwa kimeshuka chini ya asilimia 6.5, mpaka wa kisukari, kwa kila mmoja.

Ilikuwa habari ya kupigiwa vigelegele. Wao wakaanza kubishana.

"Dada, wewe unajimaliza taratibu," baba mdogo alisema. "Nafaka asubuhi, maharage mchana, matunda jioni. Hiyo yote si sukari?"

"Sukari gani hiyo inayoteremsha sukari, mdogo wangu? Karatasi si hii hapa? Wewe na manyama yako na mafuta yako, moyo umeuuliza unasemaje?"

Baba mdogo aliacha wanga karibu wote. Anakula nyama, samaki, mayai, mboga za majani na mafuta, basi. Shangazi alielekea upande wa pili kabisa: nafaka zisizokobolewa, maharage, dengu, mboga, matunda, na mafuta ya kudondoshea tu. Kila mmoja amesoma, ana watu anaowasikiliza, na ana ushahidi wenye mhuri wa maabara.

Hakuna aliyekuwa anasema uongo.

Hilo ndilo lililoninyima raha kwa wiki kadhaa. Ikiwa wanga ndio unaoufanya mwili usiisikie insulini, homoni ya kongosho inayoishusha sukari, shangazi ametengemaa vipi? Ikiwa ni mafuta, na baba mdogo je? Wengi wakifika hapa husema kila mwili na mambo yake, mjadala ukaishia hapo. Jibu hilo halinitoshi. Miili inatofautiana, ndiyo, lakini ini ni ini na kongosho ni kongosho. Njia mbili zinazopingana zikifikisha watu mahali pamoja, kuna jambo ambalo zote mbili zinalifanya, na mimi nilitaka kulijua.

## Ubishi wenye umri

Nilipoanza kusoma niligundua kwamba ndugu hawa wawili wamerithi ubishi unaokaribia karne.

Katika miaka ya 1930 daktari mmoja wa London, Harold Himsworth, aliwalisha vijana wenye afya zao mlo wenye wanga mwingi kwa siku kadhaa, kisha akawanywesha glukosi. Sukari yao ilipanda kidogo na kushuka upesi. Walipolishwa mafuta mengi na wanga kidogo, glukosi ileile iliipandisha sukari juu zaidi na ikakawia kushuka. Mwaka 1936 Himsworth huyohuyo aliandika katika jarida la Lancet kwamba kisukari si ugonjwa wa namna moja: wapo wagonjwa ambao miili yao inaitii insulini, na wapo ambao insulini inaingia mwilini na mwili hausikii.

Ilikuwa hoja ya kishujaa. Insulini ilikuwa imegunduliwa Toronto mwaka 1921, miaka 15 tu nyuma, na karibu kila daktari aliamini kisukari maana yake ni upungufu wa insulini. Haikuwepo hata njia ya kuipima kwenye damu. Njia hiyo ilikuja kuelezwa kikamilifu mwaka 1960 na Rosalyn Yalow na Solomon Berson wa New York, na walipopima wakakuta kwamba watu wazima wengi wenye kisukari wana insulini ya kutosha, wengine hata zaidi ya watu wazima wenye afya. Insulini ilikuwepo. Usikivu ndio uliokosekana.

Kisha yupo Walter Kempner wa Chuo Kikuu cha Duke, Marekani, ambaye kuanzia mwaka 1939 aliwalisha wagonjwa wa figo na shinikizo la damu wali, matunda, maji ya matunda na sukari. Ndiyo, sukari. Mtu yeyote angetarajia wagonjwa wa kisukari waangamie kwa mlo huo. Mwaka 1958 akachapisha matokeo yao, na kwa wengi sukari ya damu ilikuwa imeshuka.

Simsifii Kempner. Mlo ule ulikuwa mgumu kuvumilika, na wagonjwa wengi walikonda sana, jambo ambalo lina uzito wake katika habari hii. Lakini ukweli kwamba matokeo hayo yapo unatosha kuivunja kauli ya baba mdogo kwamba wanga na sukari ya damu ni kitu kimoja.

Shangazi naye asifurahi mapema. Mwaka 2021 jarida la BMJ lilichapisha uchambuzi uliounganisha majaribio 23 ya milo yenye wanga kidogo kwa watu wenye kisukari cha aina ya pili. Ilipotimia miezi 6, waliopunguza wanga walikuwa wameshusha HbA1c chini ya mpaka wa kisukari kwa wingi zaidi kuliko wenzao. Ilipotimia miezi 12, tofauti ilikuwa imefifia. Kwa hiyo njia ya baba mdogo inafanya kazi, na inafanya kazi haraka. Swali ni inafanyia kazi kitu gani.

## Sukari ya alfajiri

Nilikwama hapo mpaka nilipojiuliza jambo dogo ambalo ningepaswa kuanzia. Mtu amekula jioni, amelala, ameamka, hajatia kitu mdomoni kwa saa kumi. Anapima sukari, inasoma milimoli 9 kwa lita, juu ya kawaida.

Hiyo 9 imetoka wapi?

Haijatoka kwenye chakula cha jana. Chakula kile kilishamalizana na damu usiku wa manane. Imetoka kwenye ini. Ini huitengeneza na kuiachia glukosi usiku kucha, kwa sababu ubongo haulali njaa. Kwa mtu wa kilo 70 mwenye afya ni kiasi cha gramu 8 kwa saa, na damu yote ya mtu mzima, sukari yake ikiwa ya kawaida, ina glukosi ya gramu 4 au 5 tu. Yaani kila saa ini humwaga karibu mara mbili ya glukosi yote iliyomo katika damu, na miili yetu haitambui, maana viungo vingine vinaichukua kwa kasi ileile.

Kinacholizuia ini lisizidishe ni insulini. Kiasi kidogo tu, kinachotoka kwenye kongosho polepole usiku wote, kinaliambia: punguza. Ini lenye usugu wa insulini halipunguzi. Linaendelea kumwaga sukari kama vile mwenyewe ana njaa, hata kama damu tayari imejaa.

Kwa hiyo yapo maswali mawili ambayo watu huyachanganya. La kwanza: chakula hiki kitaipandisha sukari yangu kiasi gani katika saa mbili zijazo? La pili: mwili wangu unaisikia insulini kiasi gani? La kwanza linajibiwa na sahani iliyo mbele yako. La pili limejengwa kwa miezi na miaka, na sahani moja hailibadilishi.

Vidude vya kubandika mkononi vinavyosoma sukari mchana na usiku vinajibu swali la kwanza kwa ufasaha. Ni vya msaada mkubwa kwa anayetumia insulini. Ila mtu anaweza kuondoa wanga wote, mstari wa kidude ukanyooka, na ini lake likawa bado na usugu uleule. Na anaweza kula nafaka, akauona mstari ukipanda na kushuka kila mlo, huku usikivu wake unazidi kuwa bora mwezi hadi mwezi.

Hata wale vijana wa Himsworth sasa naweza kuwaelewa. Mwili uliozoeshwa kuchoma mafuta huiachia glukosi ipite, kwa muda, kwa sababu misuli ina kuni nyingine. Huo si ugonjwa. Mtu akirudia wanga kwa siku chache hali inageuka. Ndiyo sababu anayekwenda kupimwa kwa kunyweshwa glukosi huelekezwa ale angalau gramu 150 za wanga kwa siku, kwa siku 3 kabla ya kipimo. Baba mdogo akienda kichwakichwa kwenye kipimo hicho huenda akaambiwa amezorota wakati hajazorota.

## Mlo wa pakiti

Basi kinacholizibua ini masikio ni nini?

Mwaka 2011 Roy Taylor na wenzake wa Chuo Kikuu cha Newcastle, Uingereza, walichapisha jaribio la watu 11 tu wenye kisukari cha aina ya pili. Waliwapa mlo wa takriban kalori 600 kwa siku, kwa wiki 8. Sukari ya alfajiri ilikuwa 9.2 mwanzoni. Baada ya siku 7 ilikuwa 5.9. Wiki moja! Mtu hajapungua hata nusu ya uzito atakaopungua, na ini lake tayari limerudi kutii. Vipimo vya picha vilionyesha kwa nini: mafuta yaliyokuwa ndani ya ini yalikuwa yamepungua kwa kiasi cha asilimia 30 katika wiki hiyo ya kwanza. Kongosho lilichukua muda mrefu zaidi, likiamka kidogo kidogo mpaka wiki ya 8.

Watu 11 ni wachache. Likafuata jaribio la DiRECT huko Scotland na kaskazini mwa England, chini ya Taylor na Mike Lean, lenye watu 306, kwenye zahanati za kawaida. Nusu yao walikula vinywaji na supu za pakiti, kalori 825 hadi 853 kwa siku, kwa miezi 3 hadi 5, kisha wakarudishwa taratibu kwenye chakula. Baada ya mwaka mmoja, asilimia 46 ya kundi hilo hawakuwa na kisukari kwa vipimo na hawakuwa wakitumia dawa za kisukari. Kundi la matibabu ya kawaida lilikuwa asilimia 4. Katika waliopungua kilo 15 au zaidi, 86 kati ya kila 100 waliondokana na vipimo vya kisukari.

Takwimu hizo nilikuwa nimezisikia. Lililonisimamisha ni jambo ambalo halitajwi sana: zile pakiti zilikuwa na nini ndani.

Asilimia 59 ya nishati yake ilitoka kwenye wanga.

Nilisoma mara ya pili kuhakikisha. Mlo uliowaondolea watu kisukari kwa kiwango ambacho zahanati zile hazikuwahi kukiona ulikuwa zaidi ya nusu wanga, na mafuta asilimia 13 tu. Lakini haukufanikiwa kwa sababu ya wanga, wala kwa sababu ya uchache wa mafuta. Ulifanikiwa kwa sababu ini lilipokosa nishati ya kutosha kutoka mezani lilianza kutumia akiba yake lenyewe, na akiba hiyo ndiyo iliyokuwa imeliziba.

Ini ni ghala. Ghala likifurika, mwenye ghala hajali tena mzigo umekuja kwa mkokoteni gani.

Hapo ndipo shangazi na baba mdogo walipokutana. Wote wawili walikuwa wamepungua uzito, na hakuna hata mmoja aliyekuwa akiizungumzia mizani. Mmoja alishiba kwa nyama, mayai na majani, akajikuta hana hamu ya kula ovyo. Mwingine alishiba kwa nyuzinyuzi na maji yaliyomo kwenye mboga na maharage. Kila mmoja alikuwa ameipata njia ya kula pungufu bila kulala na njaa.

## Wembamba nao

Hapo ningeweza kusema "punguza uzito" na kufunga daftari. Ila kuna watu ambao sentensi hiyo inawatupa nje, nao ni wengi.

Wapo watu wembamba wenye usugu mkali wa insulini. Mfano wa kutisha zaidi ni wale waliozaliwa karibu bila mafuta chini ya ngozi, hali adimu iitwayo lipodistrofi. Ukiwatazama utasema ni wanariadha, misuli imechorwa. Ndani, ini limejaa mafuta, trigliseridi, yaani mafuta ya kwenye damu, ziko juu kupindukia, na mwili hausikii insulini hata ikimiminwa kwa wingi. Kama mafuta ya mwilini yangekuwa ndiyo tatizo lenyewe, hawa wangekuwa watu wenye afya kuliko wote.

Tatizo ni mahali mafuta yanapokaa. Chini ya ngozi ni mahali salama pa kuyaweka. Nafasi hiyo ikiisha, au ikiwa ndogo tangu kuzaliwa, ziada inakwenda kwenye ini, kwenye kongosho, kwenye misuli. Mwaka 2004 madaktari wawili, Chittaranjan Yajnik wa India na John Yudkin wa Uingereza, walichapisha picha yao wakiwa wamesimama pamoja. Uwiano wao wa uzito na urefu ulikuwa sawa kabisa, 22.3, wa kawaida. Mafuta mwilini: Yudkin asilimia 9.1, Yajnik asilimia 21.2. Mizani moja, miili miwili tofauti.

Taylor na Rury Holman wameipa hali hii maelezo ninayoyaamini: kila mtu ana kiwango chake cha mafuta anachoweza kukihifadhi salama. Mwingine anabeba kilo 120 na ini lake ni safi. Mwingine akivuka 65 anaugua. Ndiyo maana naumia nikisikia mtu mwembamba aliyepatikana na kisukari akiambiwa "lakini wewe si mnene" kwa sauti ya kumshuku. Mtu huyo anahitaji kujua kwamba kupungua kilo chache tu kunaweza kulisafisha ini lake. Kumwambia yuko sawa kwa sababu ya mizani ni kumnyima tiba.

## Nini hulijaza

Kwamba ghala likifurika halichagui mzigo haimaanishi kila mzigo unalijaza sawa. Jaribio moja la Finland, lililochapishwa 2018 na Panu Luukkonen na wenzake, lilikuwa na watu 38 wenye uzito uliozidi. Kila mmoja aliongezewa kalori 1,000 kwa siku, kwa wiki 3. Kundi moja liliongezewa mafuta yanayoganda, yale ya siagi na mafuta ya nazi. La pili liliongezewa mafuta yasiyoganda, ya zeituni na karanga. La tatu, sukari: maji ya matunda, soda, peremende.

Mafuta ya ini yaliongezeka asilimia 15 kwa waliokula mafuta yasiyoganda, asilimia 33 kwa waliokula sukari, na asilimia 55 kwa waliokula mafuta yanayoganda. Na hao wa mwisho ndio ambao usikivu wao kwa insulini ulipungua.

Namba hizi ni chungu kwa baba mdogo, ingawa inabidi nimtendee haki: watu wale walikuwa wakila kwa kuzidisha, yeye alikuwa akipungua. Mafuta yanayoganda ndani ya mwili unaochoma akiba yake hayana nafasi ya kulundikana kama ndani ya mwili unaofurika. Ila siku kupungua kutakapokoma, na lazima kukome, kilichomo kwenye kikaango chake kitaanza kuwa na maana zaidi.

Sukari nayo ina siri yake. Nusu ya sukari ya mezani ni fruktosi, na sehemu kubwa ya fruktosi huishia kwenye ini, ambalo likiipata kwa wingi na kwa haraka huigeuza kuwa mafuta. Tunda zima huleta fruktosi kidogo, taratibu, pamoja na nyuzinyuzi na kutafuna. Soda huleta nyingi ndani ya dakika mbili. Sijui kitu kingine cha mlo ambacho ningekiondoa kwanza kwa moyo mweupe kama vinywaji vya sukari, na juisi ya matunda ninaiweka humohumo.

## Je, ni uzito peke yake?

Shaka hii ilinirudia usiku mmoja. Kama kila kitu ni kupungua, basi chakula chenyewe kina maana gani?

Kina maana. Mwaka 2018 Courtney Peterson na wenzake walichapisha jaribio la wanaume 8 waliokaribia kupata kisukari. Walikula chakula chao chote ndani ya saa 6, mlo wa mwisho kabla ya saa tisa alasiri, kwa wiki 5, na wakalishwa vya kutosha ili wasipungue. Hawakupungua. Usikivu wao kwa insulini uliongezeka hata hivyo. Wanaume 8 si jeshi, na sioni watu wengi wakiweza kuacha kula saa tisa, lakini linaonyesha kwamba mwili wa asubuhi na mwili wa usiku haupokei chakula namna moja.

Misuli nayo ina mlango wake wa pembeni. Msuli unaofanya kazi huvuta glukosi kutoka kwenye damu bila kungoja amri ya insulini. Kutembea baada ya kula kunaiteremsha sukari ya mlo huo hata kwa mtu mwenye usugu mkubwa, na anayefanya hivyo kila siku huanza kurudisha usikivu wenyewe. Na nyuzinyuzi: mtu aliyekula dengu mlo mmoja, sukari yake haipandi sana hata katika mlo unaofuata. Kuanza na mboga na protini, wanga ukamalizia, pia hupunguza kilele. Ila hilo la mwisho ni jibu la swali la kwanza, la saa mbili zijazo, na nawaomba wanaolisambaza wasiliuze kama tiba ya usugu.

## Kipimo kisichoombwa

Kuna jambo linaniudhi kwa dhati. Watu wengi hupimwa sukari peke yake, wakaambiwa mambo ni shwari.

Mwaka 1985 watafiti wa Oxford walitoa hesabu rahisi ya kukadiria usugu wa insulini, namba ikiwa kubwa usugu ni mkubwa: chukua sukari ya alfajiri kwa milimoli, zidisha kwa insulini ya alfajiri, gawanya kwa 22.5. Mtu mwenye sukari 5.2 na insulini 5 anapata kama 1.2. Mtu mwenye sukari hiyohiyo 5.2 na insulini 20 anapata 4.6. Kwenye karatasi ya sukari ni pacha. Kwa kweli kongosho la wa pili linahemea puani, likitoa insulini mara nne ili kuipata namba ileile, na linaweza kufanya hivyo kwa miaka kabla ya kushindwa. Siku litakaposhindwa ndipo sukari itapanda, na watu watasema kisukari kimemjia ghafla.

Hesabu hii haina mpaka mmoja unaofaa kila mahali, kwa kuwa maabara hupima insulini kwa mbinu tofauti. Lakini dalili za kawaida zipo. Kiuno kilichozidi nusu ya urefu wako. Trigliseridi zinazozidi milimoli 1.7 kwa lita, hasa zikiambatana na HDL, ile kolesteroli nzuri, ya chini. Ngozi iliyogeuka kuwa nyeusi na nene kwenye shingo au kwapani, ambayo watu huisugua kwa dodoki wakidhani ni uchafu. Mwenye hizo asisubiri sukari ipande ndipo aanze.

## Baada ya kupungua

Sasa lile gumu. Katika DiRECT, asilimia 46 ya mwaka wa kwanza ilikuwa 36 mwaka wa pili, na waliorudiwa na kisukari ni hasa waliorudiwa na uzito. Kulisafisha ini kulichukua miezi. Kulilinda ni kazi ya maisha yote, na hapo ndipo ubishi wa wanga na mafuta unapokosa nguvu kabisa. Jaribio la Christopher Gardner wa Stanford, la 2018, liliwagawa watu 609: mafuta kidogo upande mmoja, wanga kidogo upande mwingine, pande zote zikihimizwa kula vyakula halisi. Mwaka ulipoisha, kilo 5.3 kwa kilo 6.0, tofauti isiyo na uzito kitakwimu. Kiasi cha insulini ambacho mwili wa mtu ulitoa mwanzoni hakikubashiri nani angefaidika na mlo upi. Ndani ya kila kundi, wengine walipungua sana na wengine waliongezeka.

Na Kevin Hall, kwenye taasisi ya taifa ya afya ya Marekani, mwaka 2019 aliwaweka watu 20 wodini. Wiki 2 walipewa vyakula vya viwandani vilivyosindikwa kupita kiasi, wiki 2 nyingine chakula kisichosindikwa hivyo. Vilivyowekwa mezani vililinganishwa kwa kalori, sukari, mafuta, chumvi na nyuzinyuzi, na kila mtu alikula mpaka aliporidhika. Kwenye chakula cha viwandani walikula kalori 500 zaidi kwa siku, wakaongezeka karibu kilo moja. Hakuna aliyewaambia wazidishe. Hawakujihisi wanazidisha.

Kwa hiyo siku hizi mtu akiniuliza aache wanga au aache mafuta, namuuliza: kati ya milo hiyo, upi unaweza kuula bila kuhesabu kitu na ukainuka mezani umeshiba? Na upi unaweza kuula mwaka kesho kutwa? Akishajibu ndipo tunazungumza juu ya soda, juu ya aina ya mafuta, juu ya nafaka iliyokobolewa au isiyokobolewa.

Kabla ya yote hayo, hata hivyo, namuuliza dawa anazotumia. Anayejidunga insulini, au anayemeza vidonge vinavyolisukuma kongosho kama glibenklamidi na gliklazidi, akikata wanga ghafla kwa dozi ileile anaweza kuanguka kwa sukari kushuka mno siku hiyohiyo. Anayetumia dawa za kundi la SGLT2, zile zinazoitoa sukari kwa njia ya mkojo, na kuacha wanga kabisa anaweza kupata ketoasidosisi, damu kujaa asidi, hata kama kipimo chake cha sukari hakionyeshi kitu cha kutisha. Hao waonane na daktari kwanza, dozi ipangwe upya, ndipo sahani ibadilike.